Waraka wa Kujitenga

Waraka wa kujitenga niliuandika mimi. Watu wa Voi wakisimulia jinsi kanisa letu lilivyogawanyika humtaja baba mkwe wangu na wazee wenzake wanne, na kuna wanaowasifu na kuna wanaowacheka. Mimi hawanitaji. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mtoto alikuwa pajani akiivuta, na ukurasa wa pili una mstari uliopinda kwa sababu yake. Kama kuna mtu anautunza waraka ule, na auangalie.

Nilikuwa nimemaliza Fomu ya Nne miaka miwili kabla ya hapo. Nilitoka Mwanda, juu milimani, nikaolewa na watu wa bara waliohamia Voi kwa kazi ya reli. Mume wangu alikuwa gadi wa treni, leo Mombasa, kesho Nairobi, nyumbani siku mbili kwa juma. Kwa hiyo niliolewa na yeye lakini niliishi na wazazi wake. Tulikuwa tumekubaliana, yeye na mimi, kabla wazee hawajaja kwetu kuposa, kwamba mtoto wa kwanza akifikisha mwaka mmoja nitakwenda chuo cha ualimu. Nilikuwa nimeshaomba nafasi na nilikuwa nasubiri jibu. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu kila nilichofanya mwaka ule, na kila nilichokataa kufanya, nilikifanya huku nikikitazama chuo kile.

Baba mkwe alikuwa fundi mwashi, na alikuwa mzee wa kanisa. Kwa Wapresbiteri mzee si suala la umri. Kwetu Mwanda tulikuwa na askofu huko mbali, tulikuwa na kasisi, yakaisha. Hawa wanatawaliwa na wazee, ambao huchaguliwa, huwekewa mikono, na kila mmoja hupewa nyumba zake za kuchunga. Kabla ya meza ya Bwana mzee huzunguka nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanaishi vipi, na anayemridhisha hupewa kadi ya kumruhusu kushiriki. Nyumba yetu ilikuwa katika zamu ya baba. Yaani mtu aliyekuja sebuleni na koti lake la Jumapili kuniuliza kama nina amani na watu wa nyumbani mwangu ndiye aliyenigombeza asubuhi ile ile kwa sababu ya chai iliyopoa. Ningemjibu nini? Nilisema nina amani, nikapewa kadi.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mawe, chini kidogo ya stesheni. Yeye na mama mkwe walilijenga walipokuwa bado vijana, pamoja na familia chache za reli. Baba alipanga mawe. Mama alibeba maji na mchanga kichwani, mimba ya mume wangu tumboni. Hilo nililisikia kwa watu wengine, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kujisimulia.

Ugomvi ulianza na mkunga. Huyu alikuwa mama mmoja wa makamo, mtu wa Rukanga, anafanya kazi hospitalini, ndiye aliyenizalisha. Mkutano mkuu wa kanisa, huko Nairobi, ulikuwa umekubali wanawake wawe wazee. Mchungaji wetu, kijana aliyetoka kusoma, akalileta jambo hilo Voi kwa haraka ya ujana, na washirika wakamchagua mkunga. Baba na wenzake walikuwa tayari wamechoka na mchungaji huyo. Alikuwa ameingiza gitaa. Alikuwa amesema mimbarini kwamba makanisa yote ya dunia yanapaswa kukaa meza moja, na baba akauliza kwenye kikao kama meza hiyo watakaa pia wasioamini, na hakujibiwa vizuri. Alikuwa ameacha kuwafundisha vijana katekisimu kwa kukariri. Yote hayo waliyavumilia kwa kununa. Mkunga hawakumvumilia.

Desturi ni kwamba mzee mpya akishaombewa, wazee wote hupita mmoja mmoja kumpa mkono, na bila mkono ule haingii katika safu yao. Jumapili ile nilikuwa nimeketi karibu na mlango kwa sababu ya mtoto. Wazee wakapita. Zamu ya baba ilipofika alitia mikono yote miwili mifukoni mwa koti. Nikasikia bati likilia kwa joto.

"Mzee, mkono," mkunga akasema, taratibu tu.

"Mkono wangu ni wa wazee."

"Mikono hii ndiyo iliyompokea mjukuu wako."

"Na nilishukuru," baba akasema. "Hospitalini."

Kuna watu walicheka. Baba akageuka, akatoka kwa mlango wa kati, na wazee wanne wakamfuata. Alipopita kwangu aliniashiria kwa kidevu, niinuke. Niliinuka. Mpaka leo najiuliza miguu yangu ilikuwa ya nani. Mwanamke aliyenishika mkono usiku na mchana nikijifungua alikuwa amesimama pale mbele akiwa ametukanwa, na mimi nikambeba mtoto aliyempokea yeye, nikatoka naye nje.

Baada ya hapo nyumba yetu ikawa makao makuu. Walikutana sebuleni kila Jumanne na Ijumaa alasiri, baba akitoka kazini. Mimi nilipika chai, nikaosha vikombe, nikaitwa kuandika. Waliniita mwalimu. Mwanzoni nilifurahi.

Juma la tatu alikuja mgeni kutoka bara kwa treni, mchungaji aliyeachishwa huduma na presbiteri yake, yaani baraza la parokia za eneo lake, kwa sababu zile zile. Alikuwa na mkoba mweusi, na ndani mlikuwa na ungamo la imani la zamani, limepigwa mistari kwa wino wa rangi mbili. Sitasema alikuwa mjinga. Alijua kitu anachokisema kuliko mchungaji wetu, na alikuwa mpole kwa mtoto. Aliwaeleza kwamba parokia mbili zimeshajitenga huko juu. Ya tatu ikipatikana, zinaweza kuunda presbiteri. Presbiteri ikiwapo inaweza kuweka wachungaji, na kanisa lenye wachungaji wake ni kanisa kamili, hakuna mtu wa kuliita kikundi. Voi ingekuwa ya tatu. Niliona nyuso za wale wazee, mafundi na makarani wa reli ambao hakuna mtu Nairobi aliyewahi kuwauliza kitu. Walikuwa wameambiwa kwamba wao ndio jiwe lililokuwa limekosekana.

"Lakini tuelewane," baba akasema. "Sisi hatutoki. Wao ndio wametoka. Sisi tumebaki pale pale tulipofundishwa na waliotubatiza."

"Amina," wenzake wakasema.

Mimi kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. "Kama hatutoki, baba, hapa juu niandike ni waraka wa nini?"

Wakatazamana. Mgeni akatabasamu. "Andika: wa kujitenga na uasi."

Nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri, ule tuliofundishwa kwa fimbo. Kurasa mbili zilieleza makosa ya kanisa kubwa, lile la mkutano mkuu wa Nairobi, moja baada ya jingine, na aya kwa kila moja. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa majina.

Baba alianza kutaja. "Andika mimi na mke wangu. Andika fulani na mkewe."

"Hapana," mgeni akasema. "Kila mmoja mstari wake, jina kamili. Washirika huhesabiwa kichwa kwa kichwa."

"Hawa akina mama wamesema wanajitenga?" nikauliza.

"Mume ni kichwa," baba akajibu.

Mzee mmoja, karani wa mizigo, mtu wa mizaha, akasema, "Kichwa kikishapanda treni, kiwiliwili kibaki stesheni kikifanya nini?"

Wakacheka sana. Nami nilicheka. Nalisema hili kwa sababu nimeshasimulia habari hii mara nyingi nikiruka mahali hapo.

Basi nikaandika. Niliandika akina mama ambao nilijua wamo katika kwaya ya gitaa. Niliandika mama mmoja wa Kishushe ambaye hakuwa amefika mjini tangu barabara iharibike kwa mvua, na ambaye hakujua hata kwamba kuna ugomvi. Niliandika jina la mama mkwe. Alikuwa jikoni akimenya viazi, hatua sita kutoka nilipokaa, nasikia kisu. Nikaandika na langu. Nililiandika kwa uzuri ule ule.

Waraka ukapelekwa. Kanisa kubwa likajibu kwa kutia kufuli mlangoni mwa lile jengo la mawe. Asubuhi iliyofuata baba akatia kufuli lake juu ya lile. Mji mzima ulikuja kuona kanisa lenye makufuli mawili, watoto wa shule wakipita njia ya mbali ili walione. Bwana DO, ofisa wa serikali wa tarafa yetu, akaita pande zote mbili akasema hana habari na mambo ya imani, yeye anataka amani. Kesi ya jengo iende mahakamani, lakini kabla ya hapo funguo zitashikwa na upande wenye washirika wengi. Kila upande ulete orodha yake, baada ya mwezi mmoja atazilinganisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wazee hawakutaka kukisema kwa sauti. Washirika wengi walikuwa wanawake, kama lilivyo kanisa lolote nililowahi kuingia. Watu waliovunja kanisa kwa sababu mwanamke hawezi kuwa mzee walikuwa hawawezi kulipata jengo lao bila majina ya wanawake.

Tulianza kuabudu katika karakana ya seremala. Tuliketi juu ya vitanda visivyo na magodoro, miguu yetu katika unga wa mbao, na tuliimba zaburi peke yake, bila ala yoyote, baba akivuta kila mstari taratibu mpaka watoto walale. Chama cha akina mama kilivunjwa. Wanawake hawakuomba kwa sauti tena. Mimi niliyeandika aya tisa za hoja zao sikuruhusiwa kusoma matangazo. Na watu wengi wazima pale walikuwa na amani ya kweli, nasema kwa haki. Niliwaona wanaume wakilia kwenye zaburi. Mimi nilikuwa nimebanwa kati ya ubao wa kitanda na mama mmoja mnene, mtoto anatokwa jasho mgongoni, nikihesabu miezi.

Barua ya chuo ikaja. Nilikuwa nimepata nafasi. Nilisoma nimesimama posta, watu wakinipita. Chuo kilikuwa cha kanisa, na sharti lilikuwa moja: nipeleke barua ya mchungaji wa kanisa linalotambuliwa, kwamba mimi ni mshirika mwaminifu, kabla ya tarehe waliyoandika. Nilikuwa na wiki tatu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji wa kanisa kubwa, yule kijana. Alinikaribisha, akanipa kiti, akamsifu mtoto. Nilipomweleza shida yangu alifungua faili, akatoa waraka.

"Huu mwandiko ni wa nani, dada?"

"Ni wangu."

"Mzuri sana. Hapa aya ya nne unasema mimi ni mwasi."

"Niliandikishwa."

"Na hapa chini umejiandika." Aliweka kidole juu ya jina langu. "Nitamwandikiaje barua mtu aliyekwisha kuniandikia kwamba ametoka?"

Akasema pole pole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa, kwamba kuna njia. Siku ya kulinganisha orodha nifike kwa DO, niseme ukweli tu. Niseme majina yale yaliandikwa bila wenyewe kuulizwa. Orodha ya wazee itatupwa, na mimi nitahesabiwa kuwa nimerudi. Barua ataniandikia siku ile ile, pale pale.

"Ni kweli au si kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli."

"Basi kuna ugumu gani?"

Alipoinuka kumwita mke wake alete maji, niligeuza karatasi iliyokuwa chini ya ule waraka. Ilikuwa orodha yao, imepigwa kwa mashine. Jina langu lilikuwamo. La mama mkwe lilikuwamo. Mama wa Kishushe alikuwamo.

"Na nyinyi mliniuliza lini?" nikamwambia aliporudi.

"Mko kwenye daftari la washirika. Hatukuhitaji kuuliza."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu katika jua la saa saba. Nilimweleza baba habari ya barua ya chuo na sharti lake, bila kutaja lile ambalo mchungaji alitaka nikaseme kwa DO. Alifurahi, nadhani alifurahi kweli, alikuwa anapenda watu waliosoma. "Tukishasajiliwa nitakuandikia mwenyewe, na mhuri."

"Chuo kinataka kanisa linalotambuliwa sasa, baba. Zimebaki wiki tatu."

"Basi hicho chuo kimechagua upande. Subiri mwaka mwingine. Mtoto mwenyewe bado ananyonya."

Mume wangu alirudi Jumamosi. Nilimkuta uani akiosha miguu kwenye karai, nikamwambia yote, pamoja na lile la DO.

"Unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi ni gadi. Wakinipa bendera ya kijani napunga ya kijani."

"Sitanii."

"Hata mimi." Alifuta kidole kimoja kimoja. "Nilikuahidi chuo, najua. Lakini fikiri, mama mtoto. Ukisimama mbele ya serikali ukamwaibisha mzee, anyang'anywe kanisa alilolijenga, jioni utarudi kulala wapi? Reli haijanipa nyumba. Hii ni yake. Mtoto utamwachia nani ukienda chuo, kama si mama?"

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nilikuwa nimehesabu barua, nauli ya basi, maziwa, kila kitu, na sikuwa nimehesabu kwamba mtu atakayebaki na mtoto wangu ndiye nitakayembomolea nyumba yake. Nikisema ukweli ninapata barua na ninakosa mahali pa kumwacha mtoto. Nikinyamaza ninabaki na mahali pa kumwacha mtoto na sina pa kwenda. Niligeuka nikaingia jikoni, nikapiga sufuria ukutani mara moja, kwa nguvu. Mama aliinua macho, akaona shimo kwenye plasta, akaendelea kuchambua mboga.

Siku ile kwa DO palikuwa na watu wengi mpaka barazani. Baba na wenzake waliketi kulia, mchungaji na wazee wake kushoto, mkunga akiwa miongoni mwao kwa sababu alikuwa mzee sasa. Mama alibaki nyumbani. Mimi nilisimama nyuma, mtoto mgongoni. Karani alisoma majina ya orodha hii, akasoma ya orodha ile, na alipofika katikati DO mwenyewe akaanza kucheka.

"Hawa watu mbona wako kotekote? Ni washirika au ni pepo?"

Mchungaji akasimama. "Bwana DO, aliyeandika orodha ya wale wenzetu yuko hapa. Tunaomba asikilizwe."

Baba aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anangoja nimsaidie.

Nilisogea mbele. Nikasema niliandika majina yale kwa mkono wangu, nyumbani kwa baba mkwe, na kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyeulizwa. Sikusema nililazimishwa, kwa sababu sikulazimishwa; nilikuwa na ulimi na sikuutumia. Upande wa kushoto wakaanza kunong'ona kwa furaha. Mchungaji alikuwa tayari amefungua kalamu.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mwalimu.

"Na orodha ya mchungaji," nikasema, "nayo haikuuliza mtu. Jina langu limo na sikuulizwa. Mama wa Kishushe yumo kotekote na hajui hata kama kuna kufuli. Wametunyakua kwenye daftari kama wale walivyotunyakua sebuleni. Tofauti ni kwamba hawa wana mashine ya chapa."

Mkunga, kule kushoto, akainamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka, sikuwahi kumuuliza.

DO aliegemea kiti. "Basi kazi ni rahisi. Waiteni hao akina mama wenyewe. Waje hapa mmoja mmoja waseme wako wapi."

Ndipo nilipoona jambo ambalo miezi yote ile sikuwa nimeliona. Pande mbili zilikubaliana. Baba alisimama akasema mwanamke mwenye mume hawezi kuitwa peke yake kusema mbele ya baraza la serikali, ni kuvunja nyumba za watu. Mchungaji naye akasimama, akasema anamuunga mkono mzee kwa hilo. Kuwaita mmoja mmoja ni kuwatia hofu, na kanisa lina taratibu zake. Mchungaji na baba wakaitikiana kwa vichwa. Mkunga alinyosha mkono, akasema yeye anakubali waulizwe. Mchungaji wake mwenyewe akamwambia, "Tutalizungumza kikaoni, mama."

DO alichoka nao. Akasema makufuli yote mawili yatolewe na litiwe la serikali, na wasimrudie mpaka mahakama iseme.

Nje, nilimfuata mchungaji hadi kwenye ngazi. Nilikuwa na bahasha mkononi, nilikuwa nimeshaandika anwani ya chuo.

"Nimesema ukweli," nikamwambia.

"Umesema mengi." Alinihurumia, naona. "Barua inataka niandike kwamba wewe ni mshirika mwaminifu. Wa kanisa gani, dada? Wewe mwenyewe leo umesema kotekote hukuulizwa."

Sikupata barua. Tarehe ikapita. Chuo kikafunguliwa, kikajaa, na mwaka uliofuata sharti lilikuwa lile lile na kesi ilikuwa haijasikizwa. Presbiteri ya wazee iliundwa bila Voi. Walipata parokia nyingine ya tatu huko juu, na sisi tukapokelewa baadaye kama tawi. Sasa wana sinodi yao, wamesajiliwa, wana mhuri. Mimi nina mtoto wa pili. Nafundisha katika shule moja huku chini bila cheti, darasa la watoto themanini, na kila muhula huletwa mtu mwenye cheti ambaye namfundisha kazi halafu ananikagua.

Lakini siku ile ile, jioni, baba alitangulia njiani na mimi nikamfuata hatua ishirini nyuma, na nyumbani aliingia chumbani moja kwa moja. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni akichambua maharagwe. Habari zilikuwa zimeshamfikia, Voi si kubwa. Nilimshusha mtoto, nikakaa chini karibu naye, nikaanza kuchambua upande wangu wa ungo. Nilikuwa nangoja aniambie nifungashe.

"Kwa hiyo mimi niliandikwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Siku nilipokuwa namenya viazi."

"Siku hiyo."

Alitoa jiwe, akalitupa. "Nilikusikia ukiuliza kama akina mama wamesema wanajitenga. Nikaacha kumenya. Nikasema, sasa anakuja kuniuliza."

Mikono yangu ilisimama.

"Ungejibu nini, mama?"

"Ningesema sitoki. Mchanga ule niliubeba mimi. Mkunga ni rafiki yangu." Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Jumapili zote hizi nimekaa kwa seremala na sijatoka kule kanisani."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza."

"Mbona hukuniambia mimi?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona hasira ya mwanamke yule, imetulia, ya miaka mingi kuliko yangu.

"Wewe uliniuliza?" akasema.